Mnatufundisha kufuga, nani atatufundisha kuchinja?

Hivi kwa nini kila mkubwa akishika kipaza sauti mbele ya vijana waliomaliza chuo huwa na neno moja tu la kutuambia? Fugeni! Mgeni rasmi kwenye mahafali anasema fugeni. Mkuu wa wilaya anasema fugeni. Mchungaji akishamaliza sadaka anasema vijana fugeni. Ukienda kijijini likizo, mjomba hata hajakuuliza habari za safari, anakwambia, "Acha kuzunguka na bahasha za vyeti mjini, mwanangu, fuga hata sungura."

Mimi sina ugomvi na sungura. Wala sina ugomvi na kuku. Nawala wote wawili, tena kwa hamu. Ugomvi wangu ni na wanaotufundisha nusu ya kazi halafu wanatuita wavivu tukishindwa nusu iliyobaki. Nimeripoti semina za ujasiriamali mpaka nikazihifadhi kichwani kama sala ya Baba Yetu. Nimesikia habari za mabanda, vizimba, chanjo, maranda, vyakula na "kubadili fikra". Katika semina zote hizo sijawahi kuona kisu. Sijaona hata sufuria moja ya maji ya moto. Unafundishwaje biashara ya nyama mwanzo mpaka mwisho bila mtu hata mmoja kutaja kuchinja?

Tuanze na hesabu zao, maana ndizo zinazotumaliza.

Hesabu ya sungura inaandikwa ubaoni hivi. Jike anabeba mimba siku 31. Anazaa vitoto vinane. Ukimpandisha vizuri anazaa mara sita kwa mwaka. Vinane mara sita ni 48. Ukiwa na majike kumi una sungura 480. Weka bei. Zidisha. Ukumbi mzima unapiga makofi, na kijana wa nyuma ameshaanza kuchagua rangi ya gari.

Sasa njooni kwenye hesabu ya bandani. Vitoto vingine vinakufa kabla ya kuachishwa. Jike mwingine anakataa kunyonyesha. Joto likipita nyuzi 30, dume anaweza kukaa wiki kadhaa bila uwezo wa kutungisha mimba, na sote tunajua Dar es Salaam ya Januari ikoje. Tuseme umejitahidi, kila jike amekuzalia mara tano na kila uzao umekupa sungura sita hai. Hao ni 300 kwa mwaka. Kwa chakula chetu hiki cha majani na pumba, sungura anahitaji kama miezi minne kufikia kilo mbili na kidogo. Maana yake muda wote una sungura mia moja wanaokua, na ukiamua kuwapa chakula cha dukani, kila mmoja anataka gramu mia na ushee kwa siku. Hiyo ni zaidi ya kilo kumi kila siku ya Mungu, bila kuhesabu majike kumi na madume yao.

Na nyama je? Sungura wa kilo mbili na robo ukimchuna na kumtoa matumbo anabaki karibu nusu yake. Mia tatu hao ni kama kilo 330 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365. Ni chini ya kilo moja ya nyama kwa siku!

Rudieni kusoma hiyo sentensi. Majike kumi, vizimba, chakula, dawa, kuamka alfajiri, kugombana na mwenye nyumba kwa ajili ya harufu, na unachopata ni chini ya kilo moja ya nyama kwa siku. Sisemi ni kitu kibaya. Kwa familia yenye uwanja Chanika au Kibamba, kilo moja ya nyama nzuri isiyo na mafuta mengi kila siku ni neema kubwa. Wale watoto, uza inayobaki, lipa ada. Ila hilo ni shamba dogo la nyumbani, jamani. Gari ulilochagua rangi halimo humo.

Sasa kama nyama yenyewe ni kidogo hivi, wale waliotajirika na sungura walitajirika vipi? Jibu ni rahisi na linauma: waliuza sungura kwa watu wanaotaka kufuga sungura. Hawakuuza nyama, waliuza mbegu. Wewe unanunua jike kwa bei ya mbuzi, unazalisha, unamuuzia mwenzako kwa bei hiyo hiyo, naye anazalisha, anamtafuta wa kumuuzia. Hakuna anayekula. Siku wanunuzi wapya wakiisha, mchezo umekwisha, na wa mwisho kuingia ndiye anayebaki ameshika masikio ya sungura.

Majirani zetu Kenya waliyaona haya kwa kware. Mwishoni mwa 2013 yai la kware lilikuwa kama dhahabu, likisemwa linatibu kila ugonjwa, na watu wakachukua mikopo na kukimbilia vibali kwa shirika la wanyamapori. Mwaka 2014 haujafika mbali bei ikaanguka, watu wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Sisi tukacheka. Halafu nasi tukaingia kwenye yetu. Mwaka 2009 tulikuwa tumeshapata somo la DECI, watu "wakipanda mbegu" za fedha na kusubiri kuvuna, mpaka serikali ikafunga duka. Hatukujifunza. Ikaja Mr. Kuku, ambapo hukutakiwa hata kumwona kuku: unatoa pesa, wao wanakufugia, unasubiri faida. Mwaka 2020 mwenye kampuni akafikishwa Mahakama ya Kisutu, na mwaka 2021 akatiwa hatiani kwa kuendesha biashara ya upatu. Kisutu hiyo hiyo! Wakazi wa Dar mnaelewa ninachosema. Upande mmoja kuna soko ambapo kuku anachinjwa mbele ya macho yako, unalipa, unaondoka naye. Upande mwingine kuna mahakama wanakoishia kuku wa kwenye makaratasi.

Mniruhusu niseme la karibu zaidi. Nina rafiki niliyesoma naye chuo. Mama yake ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo kilipotoka, kampuni moja ya sungura ikamfikia kupitia watu wa kanisani. Akauziwa majike na madume, vizimba na mafunzo ya siku mbili, na akapewa mkataba kwamba vitoto vyote vikifikisha miezi minne kampuni itavinunua. Awamu ya kwanza walikuja kweli, wakalipa. Mama akaongeza majike. Awamu ya pili wakasema mzigo umejaa, subiri kidogo. Awamu ya tatu simu zikawa hazipatikani na ofisi ina mpangaji mwingine.

Nilipofika pale kulikuwa na sungura 63. Kila asubuhi mama wa watu anakata majani, kila jioni ananunua pumba. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kwa nini asiwauze mtaani kama nyama. Akaniangalia kama nimeongea Kichina. "Nani atawachinja, mwanangu? Mimi siwezi. Wajukuu wamewapa majina." Halafu akaenda ndani, akarudi na karatasi. "Mkataba ulikuwa na muhuri," akasema.

Mwishoni alipatikana kijana wa mtaa aliyewahi kufanya kazi buchani. Akawachinja kwa ujira, nyama ikauzwa kwa bei ya kutupa maana kila mtu alijua mama hana ujanja. Vizimba sasa vinahifadhi mkaa. Kila nikisikia mtu anasema vijana hawataki kufuga, namkumbuka mama yule na muhuri wake. Tatizo lake halikuwa uvivu wala "fikra". Alifundishwa kuzalisha sungura 63 na hakufundishwa kumgeuza hata mmoja kuwa mboga.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Mfugaji asiyejua kuchinja na kuhifadhi nyama ni mtumwa wa mnunuzi. Chukueni kuku wa broila. Mpaka afikishe kilo mbili, katika wiki tano au sita, amekula kama kilo tatu na nusu hadi nne za chakula. Kuku mia moja wamekula mifuko saba au minane ya kilo hamsini. Chakula peke yake kinafika hata asilimia 70 ya gharama zako zote. Sasa wamekomaa. Kuanzia hapo kila siku wanakula zaidi na faida inapungua. Mchuuzi anayewapeleka Shekilango anajua hivyo kuliko wewe. Anakuja na pikipiki yake na tenga, anakuta umeishiwa chakula, anataja bei, anakaa kimya. Utafanya nini? Kuku aliye hai ana saa inagonga tumboni mwake. Ukikataa bei leo, kesho utaikubali ikiwa chini zaidi.

Lakini mwenye kisu, maji ya moto na friza anaweza kusimamisha hiyo saa. Anachinja leo, anapoza, anagandisha, anauza wiki ijayo kwa bei anayoitaka. Huyo ndiye anayeweza kumwambia mchuuzi, "Kaka, nenda tu, tutaonana siku nyingine." Kwa sungura ni muhimu zaidi, maana sungura hai hana Shekilango yake. Mtu wa Dar akitaka kuku atanunua hata aliye hai, mama ntilie anajua la kufanya. Sungura hai utampelekea nani? Ama unauza nyama iliyosafishwa, ama huuzi kitu.

Na kuchinja ni taaluma, msidanganyike. Nimekaa nyuma ya nyumba ya dada mmoja kule Kibamba anayeingiza vifaranga hamsini kila baada ya wiki mbili, na nimejifunza kwa nusu siku kuliko semina zote. Jioni ya kabla ya kuchinja anawaondolea kuku chakula, anawaachia maji tu. Saa nane mpaka kumi na mbili zinatosha. Kwa nini? Kwa sababu utumbo uliojaa ukipasuka, kinyesi kinamwagika juu ya nyama, na humo ndimo wanamokaa bakteria wa salmonela. Anaanza alfajiri kabla ya jua. Damu inaachwa itoke yote. Maji ya kunyonyolea hayachemki: nyuzi 60 hivi, kuku anazamishwa dakika moja na kidogo, basi. Maji yakichemka ngozi inaiva na kuchanika, na mteja wa ofisini haonunui kuku aliyechanika. Matumbo yanatolewa kwa mkono taratibu, nyongo isipasuke. Firigisi na maini pembeni. Vichwa na miguu vina wateja wao, havitupwi. Halafu hatua ambayo wengi wetu hatuijui kabisa: kuku anatumbukizwa kwenye pipa la maji ya barafu mpaka nyama ipoe kwelikweli, chini ya nyuzi nne, kisha inapumzika kwenye ubaridi saa kadhaa kabla ya kugandishwa. Ukimgandisha akiwa bado wa moto nyama inakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Ukimwacha kwenye beseni mpaka saa sita mchana kwa joto letu hili, unauza kipindupindu cha kujitakia... samahani, kuhara tu, lakini mteja hatauliza tofauti.

Sungura naye ana yake, ila ni mwepesi zaidi. Hana manyoya ya kunyonyoa, hahitaji maji ya moto. Unamning'iniza kwa miguu ya nyuma, unakata ngozi kuzunguka vifundo, unaivuta chini kama unamvua mtoto fulana. Fundi anamaliza kwa dakika chache. Cha kuangalia ni ini. Likiwa na madoadoa meupe, huyo alikuwa na koksidia, ini linatupwa na mwenye banda arudi kuangalia usafi wa vizimba vyake. Hayo madoa ni taarifa ya bure kuhusu banda zima, na anayeisoma ni mwenye kisu peke yake. Mwenye kuuza hai hataiona kamwe.

Kuna jingine watoa semina hawaligusi kabisa: nani anakula, na nani anachinja. Hii ni nchi yenye dini zake. Waislamu wengi wa hapa kwetu, yaani Wasuni, wanakula sungura akichinjwa kwa taratibu zao. Mashia Ithnaasheri hawamli. Wasabato nao hawamgusi, wanafuata Mambo ya Walawi sura ya 11. Ukifungua biashara ya sungura mtaa uliojaa Wasabato usije kulaumu soko. Na suala la nani ashike kisu si la utani. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, mabishano ya kuchinja yaliishia kwa mtu kuuawa. Dada wa Kibamba ni Mkristo, na kisu anamwachia kijana Mwislamu anayemlipa kwa kila kuku. Kwa hiyo anamuuzia kila mtu, na mtaani kwake kuna amani. Hiyo ndiyo akili ya biashara, na haikuandikwa kwenye ubao wowote.

Najua wapo watakaosema nawakatisha tamaa vijana. Wataniambia, wewe mwandishi, kalamu yako haijawahi hata kufuga njiwa, unajua nini? Sawa. Lakini ninyi mliofuga, mbona hamkutuambia? Nani anamkatisha tamaa kijana: anayemwambia ukweli kabla hajakopa, au anayempigia makofi mpaka aishiwe?

Wengine watasema kuchinja ni kazi ndogo, kila mtu anaweza, bibi zetu walichinja. Kweli, bibi alichinja jogoo mmoja mgeni akija, akapikwa saa hiyo hiyo. Jogoo wa bibi hakuhitaji friza kwa sababu saa moja baadaye alikuwa mchuzi. Kuku arobaini wanaokwenda kwa wateja arobaini ni jambo jingine. Kuna damu ya kutupwa mahali pasipo kisima, kuna manyoya, kuna nzi, kuna jirani. Na kuna sheria: nyama inayouzwa kwa umma inatakiwa ikaguliwe. Tunayo Sheria ya Tasnia ya Nyama tangu 2006, tunayo Bodi ya Nyama. Nani amewahi kumwona mkaguzi kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba Mbezi? Dada huyo akitaka kufuata sheria aende wapi na kuku wake arobaini? Vingunguti tumejenga machinjio ya kisasa, ya ng'ombe na mbuzi. Mfugaji mdogo wa kuku ameachwa achinje kwa kujificha kama mwizi wa kuku wake mwenyewe!

Basi wakubwa wenye vipaza sauti, mkitaka kutuambia tena fugeni, njooni na haya kwanza. Kila kata yenye wafugaji iwe na banda dogo la kuchinjia kuku na sungura: maji ya bomba, sakafu ya saruji, shimo la taka, jiko la maji ya moto, friza, na mkaguzi anayefika kwa siku maalumu. Tutalipia, hatutaki bure. Vyuo vya VETA na wataalamu wa Sokoine pale Morogoro waweke kozi fupi ya kuchinja, kupoza na kufungasha, si ya kufuga tu. Na mikopo ya vijana ikubali kununua friza, isiishie kwenye vifaranga. Vifaranga mia bila friza ni zawadi kwa mchuuzi.

Na ninyi vijana wenzangu, mliosoma na mnaonisoma kwa simu mkiwa foleni ya Ubungo, nina maswali matatu tu ya kumuuliza yeyote atakayekuja kwenu na mradi wa kufuga. La kwanza: nani anakula? Akikujibu "soko lipo", mwambie akupe majina ya watu watano walionunua nyama, si mbegu, mwezi uliopita. La pili: nani anachinja, wapi, na kwa maji gani? La tatu: siku mnunuzi asipokuja, mzigo unalala wapi? Akishindwa kujibu moja tu kati ya hayo, funga daftari lako, muage kwa heshima, nenda kapande daladala. Huyo si mfugaji. Ni msanii, na anayefugwa hapo ni wewe.

Ukipata majibu yote matatu, fuga. Anza na kuku ishirini au majike wawili. Kabla hujamuuzia mtu, shika kisu mwenyewe au simama pembeni ya anayejua, mpaka uweze kusafisha mmoja ambaye ungemwekea mama yako mezani bila wasiwasi. Usipoweza kufika hapo, bora upate hasara ya kuku mmoja kuliko ya kiinua mgongo cha mzazi.

Naomba kuwasilisha.